Pointi Zote kwa Namba ya Mama

Nakumbuka Alkhamisi moja, mwanangu, nimerudi kwetu Al Amerat gari imejaa mpaka siti ya mbele, na mimi nimejaa furaha kuliko gari. Duka kubwa tunalonunua lilitangaza pointi maradufu kwa jioni ile tu, nami sikufanya ajizi. Sabuni ya unga, tishu, biskuti, maziwa ya kopo, hata chakula cha paka. Paka hatuna.

Mama yangu, Bi Zuwena, mzaliwa wa Unguja aliyezeekea hapa Maskati, alinitazama nikiteremsha katoni moja moja. Niliposhusha ya mwisho, akaniita.

"Seif, hivi vyote kakutuma nani?"

"Vya Raya, Mama. Pointi za masomo yake."

"Raya anakula chakula cha paka?"

Mke wangu Salha alikimbilia jikoni kucheka. Mama hakucheka.

"Mimi nlikwambia tukusanye pointi kwa tunachokula. Sikukwambia tule pointi. Umetoa riyali za mtoto mfukoni, umerudishiwa vijisenti, na bado unachekelea! Vichukue vyote ukavirudishe. Khasara hii siitaki ndani ya nyumba."

Nikavirudisha, kwa keshia yule yule, nami nilikuwa mtu mzima mwenye ofisi na watu chini yangu.

Raya ni binti yangu wa pekee. Wakati ule alikuwa mdogo, na alikwisha kututangazia kuwa atakuwa daktari wa meno. Kila mgeni aliyeingia alifunguliwa kinywa na kukaguliwa kwa kijiko cha chai. Sisi tulimcheka. Mama alimwamini, akaanza kutafuta njia.

Njia yenyewe ilikuwa hii. Kila ukinunua pale dukani unamtajia keshia namba ya simu, na pointi zinaingia kwenye namba hiyo. Zikijaa unapewa vocha ya kupunguzia bili. Mama aliwaamuru ndugu wote, popote wanaponunua, wataje namba yake yeye. Vocha ikitoka, tunachukulia mchele na mafuta, vitu ambavyo tungenunua tu. Kisha fedha ile iliyosalia mfukoni naihamisha kwa simu kwenda akaunti ya Raya, pale pale tulipoegesha.

"Kabla hujawasha gari," alikuwa akisema, maana alinijua. Hukaa pembeni yangu, mkoba mapajani, akitazama kidole changu mpaka nibonyeze.

Sasa kulikuwa na jambo ambalo hatukulipigia hesabu. Kila namba ile ikitajwa dukani, simu ya Mama inalia na ujumbe wa pointi, pamoja na jina la tawi. Na Mama akiusoma, kwa tawi anajua ni nani kati yetu, anapiga.

"Umenunua nini?"

Mdogo wangu Nassor aliwahi kusema anaumwa, hawezi kuja kula nasi. Mchana simu ya Mama ikalia: tawi la Qurum, karibu na ufukweni. Akampigia mbele yetu.

"Nassor, umenunua nini Qurum?"

"Mkaa, Mama," Nassor akajibu.

"Mgonjwa gani huyo anayenunua mkaa?"

Tulicheka, na tulinung'unika pia, nisikufiche. Nani anapenda kupigiwa simu kwa ajili ya mkate? Lakini mtu akiulizwa kanunua nini, hamalizi kwa mkate. Atasema mtoto ana homa, atasema kazini hakuna raha. Mama akijua, wote tunajua, na kesho yake mlango wako unagongwa.

Raya akamaliza skuli. Alama zake zikapungua kidogo kwa ufadhili wa serikali, na chuo cha Malesia kilichomkubali kilitaka ada ya mwaka mzima kabla ya kufungua. Sitokudanganya, mwanangu, pointi peke yake hazisomeshi daktari. Tulichoweka kwa miaka yote ile kilifika njiani kikasimama. Usiku nilimsikia Raya akilia chumbani.

Waliojazia ni wale wale waliokuwa wakipigiwa simu. Nassor alitangulia, wala sikumwomba.

"Mimi miaka yote nnanunua mkate kwa ajili ya meno ya mtoto huyu," alisema. "Leo nimwache asimame mlangoni?"

Raya akaenda. Mama alimsindikiza uwanja wa ndege, akamwambia akirudi aanze na meno yake, maana yamebaki machache na asichelewe.

Akachelewa. Mama alifariki Raya akiwa mwaka wa pili. Sisi maiti hatumlazi, na kutoka Malesia asingewahi. Mjukuu aliyependwa kuliko sote alisikia mazishi ya bibi yake kwa simu.

Siku ya kwanza niliporudi dukani, keshia aliniuliza namba, na mdomo wangu ukataja ya Mama. Simu yake ikalia ndani ya mfuko wa kanzu yangu. Nikalipa, nikaenda kwenye gari, nikakaa. Muda ukapita ndipo nikatambua kuwa nasubiri kupigiwa. Nilitamani sana kuulizwa nimenunua nini. Mpaka leo natamani.

Laini yake sikuifunga. Naiongezea salio, na simu naichaji chumbani kwake, mahali pake pale pale. Ndugu wanaendelea kuitaja.

Ijumaa moja mwaka huu wote walikuwa kwangu kwa chakula cha mchana. Tumezunguka sinia, simu ya Mama ikalia chumbani. Tukatazamana. Kila anayeijua namba ile yuko hapa, mkono wake umo kwenye wali.

Nikaenda kuisoma. Tawi la Mawaleh, upande wa uwanja wa ndege.

Aliyekosekana kwenye sinia ni mmoja tu, basi nikampigia Raya kwa simu hiyo hiyo ya Mama. Ikapokelewa.

"Umenunua nini Mawaleh?" nikauliza.

Alilia kwanza. Kisha akasema, "Machungwa, Baba. Nimeshuka ndege asubuhi, nlikuwa nakuja kukushtukizeni. Keshia kaniuliza namba, nkataja ya Bibi bila kufikiri. Halafu naona jina lake linanipigia."

Salha alikuwa ameshasikia. Alirudi jikoni kuongeza wali, safari hii hakucheka.

Mwanangu, weka akiba ya mtoto hata kama ni ya pointi. Nunua unachokula, na kilichopunguzwa kwenye bili kihamishe kabla hujawasha gari, maana ukifika nyumbani kimekwisha. Chakula cha paka mwachie mwenye paka. Lakini zaidi ya hayo, wapigie watu wako. Waulize wamenunua nini, hata wakikuchoka, hata wakikuona mbea. Siku ada ikipungua, au siku nyumba ikiwa kimya, hao ndio utakaowaona.

Mwenyezi Mungu akuruzuku cha halali, akukuzie wanao, akurudishie walio mbali ukiwa bado upo. Na asikukoseshe mtu wa kukuuliza umenunua nini. Amin.