Chewa wa Baba

Baba alivua samaki kwa mshipi wa mkono, kijijini kwetu Uroa, zaidi ya miaka arubaini. Presha ilipompofusha macho yote mawili, nikamleta mjini kwangu, ghorofa ya pili, nyuma ya soko la Darajani. Mama alikwisha kufariki. Asubuhi nikienda kusomesha skuli, namwacha dirishani na redio yake. Nikirudi namkuta papo hapo.

Mwaka juzi kaka yangu alikuja likizo kutoka Ulaya, baada ya miaka kumi na mitatu. Alikuja na fimbo za kuvulia za kisasa, akasema anataka kumpeleka baba kuvua mikokoni, kule ambako bahari huingia ndani kama mto na maji huwa ya uvuguvugu. Baba alifurahi mpaka akashindwa kula. Akaniomba nimtolee mshipi wake kwenye mkoba, akawa anaupitisha vidoleni.

"Ila kule kwetu, baba," kaka akasema, "tunavua, halafu tunamrudisha samaki majini."

"Mnamrudisha kwa nini?"

"Ili waongezeke. Wamekuwa wachache."

Baba alifikiri kidogo. "Basi wako utamrudisha. Wangu nnampeleka kwa shangazi yenu."

Kaka akasema, "Haya."

Tulikwenda Jumamosi, tukashukia kwa shangazi Uroa. Baba akamwambia dada yake asinunue kitoweo siku ile. Tukaazima mtumbwi kwa jirani. Kaka alishika upondo akatusukuma, mimi nikakaa nyuma ya baba nimshike asiyumbe. Maji yalikuwa yakijaa taratibu, yakipanda kwenye mizizi ya mikoko.

Kaka alipata changu wawili na kolekole mdogo. Kila mmoja alimpiga picha, akamwachia. Baba akisikia maji yakiruka anatabasamu tu, kama mtu anayemwangalia mtoto akicheza.

Halafu mshipi wa baba ukakaza. "Chewa," akasema, kabla hata hatujamwona. "Kolekole hukimbia. Huyu anataka kurudi shimoni kwake." Nilimkamata kiuno. Alivuta, akalegeza, akavuta tena, mishipa ya shingo imemsimama. Nilikuwa sijamwona na nguvu zile tangu mama alipokuwa hai. Samaki akaja juu ubavuni mwa mtumbwi, wa kahawia mwenye madoa, urefu wake kama mkono wangu.

"Mtie ndani, mwanangu," baba akasema.

Kaka aliinama, akamshika. Aliitoa ndoana vizuri, bila ya kumchana. Akaniangalia. Kisha akamteremsha majini kimyakimya, akamshikilia mpaka alipopata pumzi, akafungua mikono.

"Kachomoka, baba," akasema. "Kachomokea hapa hapa ubavuni."

Baba alibaki na mshipi mapajani. "Nlimvuta vibaya?"

"Hapana. Bahati tu."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Zilibaki siku tatu kaka aondoke, nami sikutaka waagane kwa ugomvi. Nikanyamaza. Kwa shangazi tulikuta nazi imeshakunwa. Tukala muhogo na dagaa, na baba akamwomba dada yake radhi.

Jioni, baba alipolala, nilimuuliza kaka kwa nini. Akasema, "Yule ni mkubwa vile, wamebaki wangapi? Na baba samaki anakula kila siku."

Baada ya kaka kuondoka, kila mgeni aliyekuja kumwangalia baba alisimuliwa habari ya yule chewa. Hakuisimulia kwa kujisifu. "Nilimfikisha mpaka ubavuni," husema, "mikono ikanikataa." Siku moja akampa mjukuu wa jirani ule mshipi wake. Nilijaribu kumzuia. Akasema hana kazi nao tena.

Hapo nikashindwa. Nilikaa chini karibu yake, nikamweleza yote: mikono yake haikukosea, kaka ndiye aliyemwachia samaki.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Mwenzio yuko mbali," akasema. "Hawezi kujibu. Usimsengenye."

"Baba, nliona kwa macho yangu."

"Basi, mwanangu."

Nikampigia kaka nikiwa skuli. Nikamsihi amwambie mwenyewe. Akaahidi. Ijumaa akapiga simu, nikaiweka sauti ya juu, nikaishika mbele ya baba. Kaka akauliza dawa, akauliza joto, akauliza habari za shangazi. La chewa hakuligusa. Ndipo baba akauliza mwenyewe.

"Yule chewa, mwanangu. Alichomoka?"

Nilisikia kaka akivuta pumzi.

"Alichomoka, baba."

Baba akageuza uso upande nilioko. "Umesikia," akasema. Hakusema kwa hasira. Laiti angekasirika.

Aliishi miezi mitano baadaye. Nilimwogesha, nikamlisha, nikampeleka hospitali, naye kila mara alinishukuru na kuniombea dua. Lakini mambo yake ya ndani hakuniambia tena. Nikiingia akiwa anazungumza na mgeni, hunyamaza, akaomba maji. Niliona ananihesabu miongoni mwa watu wenye maneno.

Tulimzika Uroa. Kaka alifika siku ya tatu, wakati wa kisomo cha hitma. Watu walipotawanyika alinifuata uani nilipokuwa nikiosha masufuria, akachutama.

"Nliona haya," akasema. "Siku ile ya simu. Nlitaka kumwambia, ulimi ukawa mzito."

Nikavuta sufuria jingine. Akauliza kwa sauti ndogo, "Wewe alikusadiki, lakini?"

"Alikusadiki wewe," nikamwambia.

Alilia, na mimi nikaendelea kuosha. Mpaka leo hunipigia simu kila Ijumaa. Napokea, namuuliza watoto wake hawajambo, naye ananiuliza skuli vipi. Tukimaliza hayo, hatuna la kuzungumza.