Ukurasa wa Nne wa Mkataba wa Mama Mdogo

Mama mdogo alifundisha Kiingereza miaka kumi na moja katika shule moja, kalamu nyekundu ameichomeka kwenye nywele. Mimi shule niliiacha darasa la tano, na yeye ndiye aliyenifuata nyumbani na daftari. Mpaka leo nikiandika kitu, kila Ijumaa anakisahihisha.

Alipopata kazi ya kufundisha ng'ambo hakuirukia. Walimu wenzake walimtania.

"Wewe utauliza mpaka rangi ya mapazia."

"Nitauliza. Nikifika nikakuta hata dirisha hakuna, nitamlilia nani?"

Aliandika maswali yake. Viza ni ya kazi au ya matembezi? Vipindi vingapi kwa wiki? Chumba ni cha peke yangu? Tiketi ya kurudi ni juu ya nani? Alimtafuta mwalimu aliyewahi kufundisha kule, wakaongea mpaka simu ikazima. Kila jibu alilitilia alama ya vema. Likabaki swali moja: pasipoti yangu atakaa nayo nani? Shule ya huko ikamjibu kwamba hayo yote yamo kwenye mkataba.

Mkataba ulitumwa kwa barua pepe ya steshenari ninayofanyia kazi. Siku hiyo watu walikuwa wamejipanga mpaka nje, wanataka fomu za mitihani. Nilichapa kurasa sita, wa nne ukakwama. Nikauvuta, ukatoka umejikunja kama nguo iliyokamuliwa, nikautupa kwenye boksi la karatasi mbovu, zile tunazojaribia wino kwa upande wa nyuma. Nikasema nitauchapa tena.

"Kijana, sisi huku tumeota mizizi," mtu akasema kwenye foleni. Nikaendelea na fomu.

Mama mdogo akaingia mbiombio, ana kipindi.

"Zimetimia?"

Hapo nikakumbuka. Lakini kuchapa tena kulitaka nisimamishe fomu, nifungue upya barua pepe, niutafute ukurasa huo, na foleni yote inanikodolea macho.

"Zimetimia."

Kurasa zenyewe hazikuwa na namba. Akakaa kwenye benchi akazisoma zote tano, kidole kikifuata mistari. Mimi namtazama. Akafika mwisho, akatoa daftari lake.

"Pasipoti hawajaitaja kabisa," akasema. "Basi naishika mwenyewe." Akaweka vema.

Niliona mkono wake ukiiweka. Nilikuwa na nafasi ya kusema, nikachapa fomu nyingine. Akasaini, nikaskani ukurasa wenye sahihi, nikautuma kama walivyotaka. Kesho yake akapeleka shuleni barua ya kuacha kazi.

Wiki ya pili nilichomoa karatasi kwenye boksi nijaribu wino. Ilikuwa ile. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini neno la pasipoti nalijua. Nikaomba ruhusa, nikaenda kwake. Sanduku lilikuwa wazi kitandani, nusu limejaa vitabu. Alisoma amesimama, halafu akakaa.

"Inasema nini?" nikamuuliza.

"Wanaishika wao, miaka miwili. Nikitaka kuondoka, mpaka waridhie."

"Mashine iliumeza," nikasema. "Nimeuona leo."

"Mashine haina akili, mwanangu. Usijitese."

Aliwaandikia kuomba kipengele hicho kitolewe. Walimjibu mistari miwili: ameshasaini, wanamsubiri. Hakwenda. Lakini darasa lake lilikuwa limeshapata mwalimu mwingine, na mwalimu mkuu akamwambia asubiri nafasi. Hajui itatokea lini.

Sasa anafundisha watoto wanne kwenye meza ya kulia chakula. Kengele ya shule ikilia ng'ambo ya barabara, anatupia jicho saa ya ukutani, halafu anaendelea. Wageni wakija ananishika bega.

"Huyu ndiye aliyeniokoa. Bila yeye ningekuwa nimefungiwa huko."

Wageni wananisifu. Mimi naangalia vidole vya miguu yangu. Juzi alinipa kalamu mpya, eti ya shukrani. Ndiyo ninayoandikia haya.

Mama mdogo, mashine iliukunja ukurasa, haikuumeza. Niliutupa kwa mkono wangu, na ulipoweka ile vema nilikuwa najua. Kesho ni Ijumaa. Daftari nitaliacha mezani kwako kabla watoto hawajaja, nami sitakwenda mbali. Nitakaa kwenye kiti cha mlangoni mpaka ufike mstari huu.