Mama wa Walioanguka

Wa kwanza aliangukia bati la jirani, nikadhani ni embe bovu. Wa pili alianguka uani kwetu, hatua tatu kutoka kwenye kiti cha mume wangu, naye akalia. Tangu apigwe na kiharusi hakuwa amelia hata siku moja, wala siku niliyomwambia kwamba mkono na mguu wa kulia huenda visirudi. Alimlilia njiwa.

Niwaeleze hawa njiwa, maana si wale wa kufugwa kwa ajili ya mchuzi. Wanapaa mpaka unawaona wadogo mbele ya mlima, halafu mmoja ghafla anaacha kuruka na kuanza kujipindua kinyumenyume, mara kumi, mara kumi na tano, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuhesabu. Kisha anajizuia, anakunjua mabawa na kurudi kwa wenzake. Mume wangu alikuja na jozi ya kwanza kutoka kwao Kilimanjaro, ndani ya kikapu, mwaka tuliohamia Mafiga. Nakiri niliwachukia. Walikunya kwenye nguo nilizoanika, na mtama wangu ulikuwa wao. Lakini ugonjwa ulipomchukulia maneno na nusu ya mwili, walibaki kitu pekee kilichomfanya ainue uso. Kila siku saa kumi na moja jioni nilimtoa nje uani, nikafungua banda, naye akatazama juu. Saa nyingine zote za siku alitazama ukuta.

Kwa hiyo walipoanza kuanguka, sikuona njiwa wanakufa. Nilimwona yeye anaondoka.

Bwana mifugo alikuja, akawapapasa mmoja mmoja, akasema hawana kideri wala minyoo. Wengine huzaliwa hawawezi kujizuia, akasema, wakianza kujipindua hawaachi mpaka chini, na kasoro hiyo ni ya kurithi, hata kutoka kwa mzazi asiyeanguka mwenyewe. Nitafute inakotoka niitoe, la sivyo itawamaliza. Mimi niliyefundisha baolojia kidato cha nne maisha yangu yote ya kazi, niliyechora urithi wa njegere ubaoni mpaka chaki ikaniishia mkononi, nilimkodolea macho kana kwamba naletewa habari mpya.

Aliyezijua damu zile alikuwa amekaa kitini hapohapo, na vizazi vyote vilikuwa kichwani mwake. Lakini kiharusi kilimwachia neno moja tu, “huyo”. Maji yalikuwa huyo, uji ulikuwa huyo, na binti yetu akipiga simu kutoka Dodoma naye alikuwa huyo. Kila jioni njiwa waliposhuka, alimnyooshea mkono wa kushoto jike mmoja mzee wa kijivu, huyo, huyo, mpaka mate yakamtoka. Nikadhani anampenda. Nilimkamata jike yule nikamweka mapajani pake, na alipomsukuma nikadhani ni mkono tu umekosa adabu, nikamrudisha. Tulikwenda hivyo jioni baada ya jioni, na mimi nikajiona mke mwema.

Lilibaki daftari lake. Aliandika kila kinda: siku lilipoanguliwa, rangi yake, namna lilivyojipindua lilipokua, na baba yake. Madume ndio waliokuwa na majina. Majike walikuwa wake za watu: mke wa Diwani, mke wa Kepteni. Basi nikafuata akina baba. Wawili wa kwanza kuanguka walikuwa watoto wa Diwani, nikamgawa Diwani. Wakaanguka wa Kepteni, nikamgawa na Kepteni. Niligawa madume watatu wazuri na bado mizoga niliiokota, nikiificha kwenye khanga kabla mume wangu hajaiona, ingawa alikuwa ameshaiona. Nilimkasirikia Mungu. Nilimkasirikia na yeye kwa kunyamaza, kama vile alikuwa ananyamaza kwa makusudi.

Nikakumbuka kwamba zamani mume wangu alimpelekea mama yangu mkubwa makinda kadhaa kule Matombo. Labda huko damu ilikuwa salama. Nilimwacha mgonjwa wangu na jirani, nikapanda bodaboda kutoka Mkuyuni, na njia ile baada ya mvua sitaki kuieleza. Nilifika nimejaa matope. Nilimwamkia mama mkubwa, nikauliza habari za njiwa kabla hata sijanawa uso. Akasema walikwisha miaka mingi, walianguka wote, wa mwisho aliangukia kwenye migomba yake nyuma ya nyumba.

 Nikakaa mkekani, nikafungua daftari, nikaanza kumsomea baba za wale njiwa wake, mmoja baada ya mwingine, sijui kwa nini, labda nilitaka mtu mwingine naye asielewe. Alinisikiliza akimenya ndizi mpaka akachoka.

“Mwanangu, unanisomea wanaume. Mama yao nani?”

Nikamwambia hakuandikwa jina, ni mke wa fulani tu.

“Umeolewa mpaka ukoo umeusahau,” akasema. “Sie tangu lini tukamfuata baba?”

Sisi Waluguru ukoo ni wa mama. Tawi la ukoo kwetu huitwa tombo, yaani titi, kwa maana ya watu walionyonya pamoja. Jambo hilo nalijua tangu sijajua kusoma, na shamba langu la Matombo nimelipata kwa mama. Halafu nikakaa miezi mitatu na daftari la mwanaume wa Kilimanjaro nikihesabu kwa upande wa baba, kwa sababu tu ndivyo lilivyoandikwa.

Nilianza upya palepale, mama mkubwa akiendelea na ndizi zake. Pembeni ya kila mke, mume wangu alikuwa ameandika alama ya kumtambulia. Mke wa Diwani, kucha moja nyeupe. Mke wa Kepteni, kucha moja nyeupe. Mke wa yule wa tatu, kucha moja nyeupe. Hawakuwa wake watatu. Alikuwa jike mmoja aliyeolewa mara tatu, na hata makinda yaliyokuja Matombo yalikuwa yake. Nikalifunga daftari, maana kucha ile nilikuwa naiona kila jioni, kwenye mapaja ya mume wangu.

Nilirudi nikamkuta uani. Nilimtoa jike bandani nikamwinua mbele yake, na safari hii sikumweka mapajani.

“Ni huyu anayewamaliza?”

“Huyo,” akasema, akafumba macho.

Miezi mitatu alikuwa ananiambia. Nilipiga magoti nikamwomba radhi, nikalia kwa sauti mpaka jirani akachungulia. Jike yule nilimchinja mwenyewe nyuma ya jiko nikamfukia, sikuweza kumla.

Nikadhani nimemaliza. Nilipowahesabu waliobaki walikuwa kumi na wanne, na kumi na mmoja kati yao ni watoto wake au wajukuu wake. Hao siwezi kuwarusha tena. Wanabaki watatu: dume mzee na majike wawili wanene ambao kuruka kwenyewe wanaruka kwa kulazimishwa. Nilipowafungulia walizunguka juu ya paa la choo, wakatua. Mume wangu aliwatazama kidogo, akashusha uso. Kesho yake alikataa kutolewa nje, na tangu hapo chakula anakula vijiko viwili vitatu.

Jike mmoja ametaga mayai mawili wiki hii. Daftari linasema bibi yake alijipindua vizuri na kutua salama, kwa hiyo damu ipo. Siku kumi na nane za kuatamia, mwezi mmoja kiotani, kisha miezi mitano au sita kabla kinda halijaanza kujipindua. Daktari amenieleza bila kuzunguka kwamba mwili wa mume wangu unaachia. Hesabu nimeigeuza kila upande na haikai.

Leo mchana niliketi kitandani pake, nikamshika mkono, nikamweleza habari ya mayai. Nikamwambia, “Mzee wangu, nisubiri. Miezi minane tu, nisubiri.” Alikuwa anatazama ukuta. Hakutikisa hata kidole. Nilibembeleza, nikarudia, nikamminya vidole anijibu, mpaka nilipotazama chini na kuona kwamba nimeshika mkono wa kulia, ule usiohisi kitu. Nikazunguka kitanda, nikashika wa kushoto, nikaanza kuomba upya.