Freni ya Mukono ya Muzee

Bwana yangu alikuwa shofere ya kamiyo, na mimi nilikuwa bibi ya shofere, na ile haikukuwa kitu kidogo hapa Bunia. Batu balikuwa banatujua kwa harufu ya mazuti, ile mafuta ya kamiyo, kabla ya kutuona. Tulikuwa tunapandisha maharagi Mahagi, tunarudi na chumvi na sabuni, yeye kwa usukani, mimi juu ya mifuko. Kamiyo ikikataa kwa mulima, mimi njo nilikuwa naruka chini na ubao na kuusukuma nyuma ya tairi. Niliruka hata na mimba. Babibi ya leo banashuka pikipiki bakishikwa mukono.

Ile kamiyo, freni yake ya mukono ilikuwa muvivu. Unaivuta sasa, inakuja kushika kisha. Kwa hiyo muzee wangu alizoea kuivuta mapema, gari ikiwa bado inatembea. Nikiwa nimesinzia juu ya mifuko, sauti ya ile chuma, kra kra kra, njo ilikuwa inaniamusha na kuniambia tumefika. Nasikia kwaya kila yenga, siku ya kanisa, banaimba vizuri, lakini hakuna sauti yenye nilipenda kama ile.

Vita ilimaliza kamiyo. Kisha miaka ikamaliza macho ya muzee. Jicho moja inaona ukungu, ingine inaona vile inataka. Daktari akamukataza kuendesha. Alitii.

Sasa mujukuu yetu, binti ya binti yangu wa kwanza, anafanya kazi ku hospitali, na alinunua gari yake mwenyewe, na pesa yake mwenyewe. Gari ya otomatike, ilitokea upande wa Uganda, usukani iko kuume. Siku ya kwanza nilipita nayo mbele ya majirani wote na dirisha wazi, nikakula vumbi yote bila kulalamika. Mimi nakaa nyuma. Muzee anakaa mbele, upande wa kushoto, na katikati yake na mujukuu, ule mutoto wetu, iko freni ya mukono.

"Koko," mutoto alimuambia babu yake, "hii gari haina ambreyaje ya kukanyaga mbele ya kubadilisha gia. Unasimama, unapeleka fimbo kwa P, basi."

"Na freni?"

"P inatosha."

"Inatosha nini? Ile P ni jino moja ndani ya mashini. Utalaza gari yote juu ya jino moja?"

Mutoto akacheka. "Haya, freni ni yako, koko. Mimi naendesha, weye unavuta."

Alisema kwa kucheka, lakini muzee hakucheka. Toka siku ile, tukitaka kwenda hata kununua mukate, alikuwa ananyoa ndevu kwanza.

Halafu ikafika ile yenga mbele ya kanisa. Muzee akavuta mapema, gari bado inatembea, kama vile alizoea kwa kamiyo. Lakini freni ya hii gari ndogo haikukuwa muvivu. Ilikamata palepale. Kichwa yangu ikaenda kupiga kiti ya mbele, na mayai ya sadaka ikapasukia yote juu ya kikwembe yenye nilivaa. Kwaya ilikuwa inajipanga kwa mulango. Balicheka mpaka mumoja akakaa chini.

Mutoto aliogopa. "Koko, basi. Usiguse tena. Ungetutoa meno."

Muzee akaweka mukono ndani ya mufuko ya koti, akaiacha mule mpaka tukarudi nyumbani.

Kisha pale akaanza ugonjwa ya muguu. Soko: "Nendeni tu, muguu inaniuma." Kanisa: muguu. Ndevu ikaota nyeupe mpaka shingo. Mutoto akamuletea dawa ya kupaka. Mimi nalala pembeni ya ile muguu toka ujana. Nilijua haina kitu.

Nikamuita mutoto jikoni.

"Muguu haiko na ugonjwa. Ulimutoa kwa kazi yake."

"Lakini gari ilikuwa inatembea, koko."

"Najua. Mayai ilikuwa juu yangu."

"Basi nifanye nini?"

"Mwambie saa ya kuvuta. Weye uko na macho, yeye iko na mukono."

Akafikiri. "Na akichelewa?"

"Utamungoja. Mimi nilimungoja na mvua kwa ile milima yote, sikukufa."

Kesho yake akasimama mbele ya muzee na ufunguo. "Koko, naenda soko, na fasi yenye naweza kusimama ni kwa muteremuko. Peke yangu siwezi." Ilikuwa uongo, na aliusema vizuri. Muzee akamuangalia, akaomba wembe.

Pale kwa muteremuko mutoto akasimamisha gari, akakaza muguu yake kwa freni ya chini. "Imesimama, koko. Vuta."

Mukono ya muzee ikatafuta. Ikashika chupa ya maji, ikashika goti ya mutoto, bado inatafuta. Nyuma yetu taksimani ya pikipiki akapiga honi, kisha akakuja kwa dirisha ya mutoto.

"Mama, gari imekufa?"

"Haiyakufa," mutoto akajibu. "Ngoja shofere amalize."

Taksimani akaangalia mikono ya mutoto kwa usukani. Akainama, akaona muzee. Akarudi kwa pikipiki yake, hakupiga honi tena.

Muzee akavuta mpaka mwisho. Mutoto akaacha muguu kidogo, gari haikutikisika. Njo sasa akapeleka fimbo kwa P.

"Zima moteri," muzee akasema. "Pandisha vioo. Na uangalie nyuma kwanza, kisha ufungue mulango."

"Ndiyo, shefu."

Siku ile tulisimama fasi mingi kuliko yenye tulihitaji. Kwa mama ya kuuza nyanya, kwa mafuta, kwa mutengenezaji wa viatu hata kama hakuna mutu alikuwa na kiatu ya kutengeneza. Mara ya mwisho mutoto alisimama mbele ya duka yenye ilikuwa imefungwa, na kufuli kubwa inaonekana toka mbali.

"Imesimama, koko," akasema. "Vuta."