Gari Lisilo na Paa

Juzi mwanangu alinionyesha kwenye simu picha ya gari la zamani la mashindano, jekundu, lisilo na paa. Eti mafundi walifua bodi yake kwa mkono na magari ya aina hiyo ni machache tu duniani. Nililitambua palepale, na hasira yangu ya utotoni ikarudi.

Alasiri moja nikiwa mtoto, mimi na Bibi tulikuwa tunarudi nyumbani Heru Juu kwa miguu kutoka hospitali ya Kasulu, yeye akichechemea na bendeji mguuni inayonuka dawa. Gari kama hilo likasimama kando yetu, likinukia petroli na ngozi ya viti.

"Karibuni, mama, niwafikishe," alisema daktari mgeni aliyeliendesha.

Niliamini upepo wa njia ya Kibondo ulikuwa umeling'oa paa, lakini sikujali. Nilikwishashika mlango Bibi aliponivuta.

"Asante, baba. Kamalizie kwanza kulijenga."

Nililia, nikaketi vumbini.

"Inuka," Bibi alinikemea. "Mvua ikitukuta humo, tutajificha wapi?"

Ilitukuta kilimani, kwa miguu. Bibi aliufuta uso wake kwa khanga iliyolowa, akasema, "Angalau hatujalowa ndani ya gari la watu."