Nafasi Kando ya Chadia

Mwalimu wa historia, katika shule hii ya mtaa wa Annexe, huvunja kila chaki vipande viwili kabla ya kuandika, na kelele zikipanda yeye huishusha sauti, mpaka darasa linyamaze lenyewe ili limsikie. Chadia, mwanafunzi wake, aliikosa sauti hiyo siku zote alizougua tetekuwanga. Sasa alikuwa amepona kabisa, lakini makovu usoni yaliwatosha wenzake: tangu arudi alikaa peke yake, huku wao wakibanana kwenye madawati mengine.

Asubuhi hiyo somo lilikuwa tauni ya Ulaya ya kale. Taratibu, kama ilivyo desturi yake, mwalimu alieleza jinsi viroboto wa panya walivyosafiri na bidhaa kutoka Asia hadi bandari za Ulaya, na jinsi vibarua waliosalia walivyothubutu kudai ujira bora, kwa kuwa mikono ya kulima ilikuwa imepungua. Kisha akajipangusa vumbi la chaki vidoleni, akaenda kuketi kando ya Chadia, magoti yakigonga dawati, akaendelea kufundisha kutoka hapo.

“Watu walikimbiana,” alisema. “Hata aliyepona walimkimbia.”

“Monsieur, hamuogope?” sauti ikauliza kutoka nyuma.

“Niogope nini? Huyu iko muzima kunipita. Ni mimi niko na kikohozi.”

Darasa likacheka, na Chadia naye akacheka. Mwape, aliyekuwa akiketi na Chadia tangu mwaka wa masomo uanze hadi ugonjwa ulipoingia, akasimama na daftari zake kifuani.

“Pardon, Monsieur,” akasema. “Ile fasi iko yangu.”

Mwalimu akainuka, na Chadia akasogea kidogo.