Maharagwe ya Mkono wa Kulia

Mpaka leo nikiona mtu mzima analishwa kama mtoto, na mikono yake ipo, damu hunichemka. Watu husema nina roho mbaya. Waseme.

Mama alipatwa na kiharusi akiwa Beni, alikokuwa amepeleka viazi sokoni. Tulimrudisha nyumbani kwetu Bulengera, hapa Butembo, anaburuta mguu wa kulia na mkono wa kulia umejikunja ngumi kifuani. Mguu ulianza kurudi. Mkono ulikataa. Kine wa hospitali, yule mtaalamu wa kuamsha misuli, aliniambia bila kuficha kwamba mkono usipofanya kazi sasa, utakaa hivyo hivyo mpaka kaburini. Akanionyesha. Nianze na kidole gumba, nikifungue polepole, vingine vitafuata; nikivuta kwa nguvu, misuli itajibana zaidi. Kiganja kikishafunguka, kilazwe juu ya benchi, mama aegemee hapo kwa uzito wake. Kisha mkono upewe kazi ya kweli. Akamuuliza mama anapenda kazi gani. Mama akasema kuchagua maharagwe.

Basi kila asubuhi nilimwekea ungo mapajani na bakuli kando. Punje moja ilimchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Alitokwa jasho, akatukana kwa Kinande, akaanza tena. Mimi nilikaa pembeni nikijizuia kumsaidia, na hakuna kazi ngumu kama hiyo.

Kwetu mgonjwa hutembelewa. Wamama wa kanisa walikuja na kuni, na nyimbo, na macho. Mgonjwa hafanyi kazi mbele ya wageni. Ni aibu ya nyumba. Walipouona ungo waliaga kwa adabu, lakini habari ilifika Lubero kwamba ninamtumikisha mama yangu mgonjwa. Dada yake mkubwa, anayeishi huko, akaja. Alininyang'anya ungo kabla ya salamu.

"Mutoto gani weye? Mama yako anagonjwa, na unamupatia kazi?"

Kumjibu mama mkubwa kwetu ni kujitafutia laana. Nilimweleza kwa heshima, nikamtaja kine. Akasema kine hakunyonya ziwa moja na mama yangu. Akahamia chumbani kwa mama. Alimlisha, akamnawisha, akamvalisha. Kila alipomwinua alimvuta kwa mkono ule ule mgonjwa, ingawa kine alikataza, bega lisiteguke. Na ile ngumi akaifunga ndani ya kitambaa isipigwe na baridi. Wamama wakamsifu. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko kupasua kuni zilizokwisha kupasuliwa.

Tuliporudi hospitalini, kine alijaribu kufungua vidole, na mama akalia. Hata siku ile ya Beni hakulia. Kine akanitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyefunga kitambaa. Nilitamani kumpiga yeye, na mama mkubwa, na kanisa zima.

Jumapili iliyofuata, chumba kimejaa wageni, mama mkubwa alileta beseni kumnawisha. Mama alikifungua kitambaa kwa meno, akakitupa chini.

"Yaya, mutu mwenye banaoshaka ni maiti," alimwambia dada yake. "Miye niko muzima. Mulete maharagi yangu."

Mama mkubwa alikuwa bado na beseni mikononi. Nilikimbia kuleta ungo kabla hajaliweka chini. Mama akahangaika na punje moja mbele yao wote. Iliteleza, akaifuata, ikateleza tena. Mgeni mmoja akainama ili amwokotee. Mama mkubwa ndiye aliyemshika mkono yule mgeni.

"Muache," alisema.

Punje ikaingia bakulini. Hakuna aliyepiga makofi. Wageni waliaga mapema, na najua walichokwenda kusema.

Mama sasa anakula mwenyewe, anajifunga kitenge mwenyewe. Lakini vidole viwili vya mwisho havijaamka. Kine anasema huenda ni zile siku za kitambaa. Sijamwambia mama mkubwa, na hasira yangu haijaisha. Akija kutoka Lubero, mama humsalimu kwa mkono huo huo wa kulia, makusudi. Yeye huushika muda mrefu, anapitisha kidole gumba chake juu ya vile viwili, mara ya kwanza, mara ya pili, akivingojea vimjibu.